Hindi la Kwanza la Mbodze

Sogeeni, wenye masikio. Wenye usingizi, bye-bye, nendeni kwenu!

Mwaka wa njaa, shamba la mjakazi wa Mungu, Mbodze, lilizaa hindi moja tu. Akalibeba kulipeleka kanisani, malimbuko. Njiani akakutana na zimwi lililommeza mumewe, Ngowa.

"Madam, nipe hilo hindi."

"Ni la Mungu."

Zimwi likamng'oa sikio, likatafuna. "Huyo Mungu wako yuko likizo?"

"Yupo. Na hindi ni lake."

Likamtoboa jicho. "Bado ni lake?"

"Bado."

Likamkata mkono ulioshika hindi, likameza vyote.

Lo! Hindi likaota tumboni. Mizizi ikapasua miguu, mabua yakatoboa mbavu, na zimwi likafumuka kama boga bovu, matumbo chwaa! Watu waliomezwa wakatoka, Ngowa mbele, amekumbatia mahindi mabichi.

"Mke wangu, tuchome fasta!"

Mbodze, damu ikimchuruzika, akamzaba kofi kwa mkono uliobaki.

"Ngowa, koma! La kwanza twende nalo kanisani. Kisha tutakula."

Ngano yangu hiyo. Atakayeimeza bila kutafuna, shauri yake.