Marashi ya Mrina Asali

Nje kidogo ya Njinjo aliishi mrina asali aitwaye Abilahi. Mizinga yake ilitundikwa porini juu ya miti mirefu, naye aliipanda kwa kamba huku ameshika kienge cha majani kinachofuka moshi. Moshi huo ulimwingia kwenye nywele, kwenye shati, hata ndani ya ngozi. Siku ya kurina hakugusa sabuni ya kunukia wala mafuta. "Nyuki ni kama wakwe," alizoea kusema. "Ukienda kwao na mbwembwe, watakufukuza."

Mkewe, Hamida, alimpenda, lakini ule moshi ulimkera kama mwiba uliovunjikia kisiginoni. Asali ndiyo iliyomlisha na kumvisha, ndiyo iliyoezeka nyumba yao kwa bati. Lakini mtu akizoea neema husahau ilikotoka.

Siku moja bombani, jirani yake Salome alimtania mbele ya wanawake wenzake.

"Mama Naima, jana mumeo kapita kwangu, nikakimbilia jikoni. Nilidhani ubwabwa unaungua!"

Wanawake walicheka hadi wakatua ndoo zao. Hamida naye alicheka, ila moyo ulimwanguka. Wiki ile mdogo wake alikuwa anaolewa Miteja, na Abilahi aliahidi kupeleka asali mbichi ya karamu, atoke nayo porini moja kwa moja hadi harusini. Hamida aliona fedheha inamsubiri mlangoni.

Siku ya gulio alimwendea Shamimu, mama mtu mzima aliyeuza manukato. Shamimu alimpulizia mgongoni mwa mkono, chupa moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilinukia waridi. Ya pili ilinukia udi. Ya tatu ilikuwa tamu kama ndizi mbivu.

"Mwanangu, manukato hayachaguliwi kwa pua peke yake," Shamimu alisema. "Huchaguliwa kwa mwili wa mvaaji na kazi yake. Mumeo anashughulika na nini?"

Hamida alitazama chini. Aliona haya kusema ni mrina asali.

"Ana duka," akajibu.

"Basi mchukulie hii ya ndizi. Mteja akiingia hatataka kutoka."

Abilahi alipoinusa alicheka sana. "Mama Naima, unataka kuishi na mimi au unataka kunila?" Ijumaa akajipaka kidogo kwenda msikitini. Lakini asubuhi ya harusi, mkewe alipomletea tena ile chupa, alirudi nyuma.

"Leo naenda kurina. Nyuki hawataki harufu ngeni."

"Kidogo tu, baba Naima. Ukifika pale na moshi wako, ndugu zangu watasema nimeolewa na jiko."

"Waache waseme."

"Basi na mimi siendi hiyo harusi." Machozi yakamlengalenga.

Abilahi hakuyaweza machozi ya mkewe. Aliinamisha shingo kama kondoo. Hamida akampulizia shingoni, akampulizia kifuani, akaongeza na kwenye kola.

Huseni, kaka yake Abilahi na mwenzake wa kurina, alipokuja kumpitia alikunja uso. "Umefanya nini, mdogo wangu? Hivi ndivyo mzinga unavyonuka nyuki wakikasirika. Kaoge!"

"Moshi utaimaliza hii, kaka. Tunachelewa."

"Shemeji, kumbe una wivu?" Hamida alitania. "Chupa bado imejaa, njoo nikupulizie!"

Wakaondoka.

Abilahi alipanda mti wa kwanza, akafungua mzinga. Nyuki hawakuzunguka huku na huku kama kawaida yao. Walimshukia shingoni kama mchanga unaomwagwa. Alipojipiga ili kuwafukuza, kienge kilimponyoka, kisha mkono ukaachia kamba, akaanguka chini. Huseni aliwasha majani mabichi, akaingia katikati ya wale nyuki, akambeba mgongoni hadi barabarani. Walipofika zahanati Abilahi alikuwa amekwisha kukata roho.

Waliomngoja Miteja kwa vigelegele walikuja Njinjo kwa vilio.

Siku ya tano ya msiba, Hamida akiwa ndani katika eda, Huseni alirudi kutoka porini alikokwenda kushusha mizinga ya marehemu. Naima, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa amelala mkekani. Huseni alipopiga hodi, mtoto alizinduka, akanusa, akakimbia, akazika uso wake katika shati la baba yake mkubwa.

"Baba kaja! Mama, baba kaja!"

Huseni alisimama kama nguzo, asijue mikono aiweke wapi. Hamida alinyoosha mkono kumwita mwanawe. Moshi ule uliingia ndani taratibu ukamfikia pale alipoketi, naye akauvuta kwa pumzi ndefu, akaangua kilio. Hakuna gulio ambako angeweza kuununua.

Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.