Bi Kishungi na Ngoma ya Mbawa

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati kuku walipojijengea nyumba na tembo alipojua kupiga hodi, aliishi kuku mmoja aliyeitwa Bi Kishungi. Juu ya kichwa chake palikuwa na manyoya yaliyosimama kama kofia, na ndani ya kichwa mlikuwa na akili za kuwatosha majirani wote.

Mumewe, Bwana Jimbi, alikuwa na sauti tu.

Mwaka huo Jimbi aliezua nyasi za nyumba yao akaweka bati. Kisa? Ati bati linameta, watu watajua hapa anakaa mtu. Kiangazi kikaingia. Lo! Bati likawaka moto kama kikaango, na chini yake Bi Kishungi alikuwa ameatamia mayai.

"Baba watoto, unatukaanga," alisema. "Haya si mayai ya chai, ni wanao!"

"Vumilia, mke wangu," Jimbi alijibu huku akihema. "Lakini linameta, halimeti?"

"Linameta. Nenda kwa jirani Tembo ukaombe maji tumwagie hilo bati lako."

Tembo alikaa nyuma ya ua wao, penye bwawa. Jimbi alikwenda mbio, akarudi akijikokota.

"Amesemaje?"

"Amesema maji yake hayaoshi mabati ya wenye maringo."

Mnajua kuku akizidiwa na joto hufanyaje? Yeye hatoki jasho kama sisi. Hupanua mdomo, huinua mbawa zisiguse mwili, kisha huhema: heh-heh-heh-heh! Ndivyo alivyofanya Bi Kishungi, na mumewe vilevile pale mlangoni. Chini ya tumbo lake alisikia mayai yakigongwa kwa ndani, ko, ko. Watoto walikuwa karibu kutoka. Akiondoka, mwewe atayaona mayai. Akikaa, wataiva wote pamoja. Afanye nini, maskini?

Mara, puu! puu! puu! Tembo akachungulia juu ya ua.

"Hodi humo! Mbona midomo wazi, mbawa juu? Mnacheza ngoma?"

Jimbi alitaka kusema, "Tunakufa kwa joto," lakini mkewe akamdonoa mguu, do!

Bi Kishungi alikuwa amekumbuka jambo. Tembo alipenda ngoma kuliko miwa, ila hakuna aliyemkaribisha kucheza. Kila sherehe aliambiwa, "Kaa pembeni, Bwana Mkubwa, utatukanyaga."

"Umetukuta, jirani," alisema. "Hii ni ngoma ya mbawa. Kwetu mtoto hapokelewi kimya kimya."

Tembo akashusha sauti. "Na… mtu mkubwa anaweza kuicheza?"

"Aa, wewe huna mbawa."

"Nina masikio!"

Bi Kishungi akamtazama juu hadi chini kama fundi anayepima kitambaa. "Haya, yapige tuone. Ila usitembee. Ngoma hii mtu huicheza amesimama pale pale."

Macho ya Tembo yakang'aa. Ngoma isiyotaka miguu! Akasogea mlangoni, akasimama imara, akaanza. Fwaa! Fwaa! Fwaa!

Upepo ukaingia ndani. Bi Kishungi nusura afumbe macho kwa raha, lakini akajikaza.

"Si vibaya. Sasa kuna kibwagizo, ila nahofia kitakushinda. Kinataka maji."

"Kinishinde mimi?"

"Basi chota, rusha juu ya bati. Bati ndiyo ngoma yetu, lazima ilie!"

Tembo akanyoosha mkonga hadi bwawani. Fwaaaa! Bati likalia, tssss! Moshi wa mvuke ukapanda.

"Kokorikooo!" Jimbi akawika. "Tena, Bwana Mkubwa, tena!"

Kelele zikamvuta Nyati, mwenye pembe nzito na wivu mzito zaidi.

"Nani amemruhusu Tembo kucheza?"

"Pita zako," Tembo akasema, masikio yakipepea. "Huku tunacheza wenye kipaji."

"Kipaji! Masikio kama majani ya mgomba ndiyo kipaji?"

"Msigombane," akasema Bi Kishungi kwa upole. "Kaka Nyati, nafasi moja imebaki, lakini ni ya mwenye shingo. Bati likilia sana litawashtua watoto. Anatakiwa mtu alifunike kwa nyasi, azirushe kwa pembe. Sasa sijui, hiyo shingo…"

"Hiyo shingo ina nini? Ngojeni muione!"

Nyati akang'oa nyasi, akabeba, akarusha. Pu! Pu! Tembo naye akazilowesha, fwaaaa! Mmoja anarusha, mwingine anamwaga, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni asije akashindwa.

"Mke wangu," Jimbi akanong'ona, "mbona bati langu halionekani tena?"

"Wewe wika tu, baba watoto. Wika!"

Ndani kukawa baridi kama mtungini. Ko, ko, kraa! Yai likapasuka. "Chwi!" Kraa! "Chwi! Chwi!" Bi Kishungi akacheka, akalia, akacheka tena, asijue aanze kumbusu yupi.

Ndipo Tembo akainama mlangoni. "We, Bi Kishungi! Mbona umefumba mdomo? Mbona mbawa umezishusha?"

Raha ilikuwa imemsahaulisha ngoma yake.

Tembo akatazama paa linalodondosha maji. Akamtazama Nyati, nyasi zikining'inia usoni. "Kumbe! Hamkuwa mkicheza. Mlikuwa mnaona joto!"

Bi Kishungi hakudanganya tena. "Joto, jirani. Na maji uliyotunyima ndiyo haya umetuletea mwenyewe."

"Mimi naondoka," Nyati akafoka, akaenda zake akipiga chafya.

"Na mimi naondoka!" Tembo akanguruma. "Sirudi hapa ng'o!"

Lakini vifaranga walikuwa wamekwisha toka nje. Wakaona kivuli kipana chini ya tumbo lake, wakakimbilia humo, chwi-chwi-chwi! Mmoja akajilaza kando ya ukucha, mwingine nyuma ya kisigino. Tembo hakuthubutu hata kutikisa kidole. Akasimama vile vile, masikio yakipepea polepole, fwaa, fwaa, na vifaranga wakasinzia.

"Bi Kishungi," alinong'ona, "tafadhali, waite wanao. Nitawakanyaga."

"Nitawaita, jirani," Bi Kishungi akajibu, akijinyoosha kivulini karibu na mumewe. "Ngoja kwanza jua lipungue."

Wanangu, mwenye nguvu akipenda sifa, mwenye akili hamsifu bure.