Mkombozi Aliyefunga Mlango kwa Ndani

Naomba radhi mapema, wapendwa. Mfano huu nitauharibu. Marehemu mama yangu alikuwa akisema mimi nikisimulia msiba watu wanacheka, na nikisimulia kichekesho watu wanatafuta leso. Leo nimebeba vyote viwili kwenye kapu moja, sijui mtafanyaje. Mzee wa kanisa pale nyuma, kusinzia ruhusa, ila usikorome kwenye sehemu za huzuni.

Upande wa pili wa bonde aliishi mkulima. Zamani aliwekwa chini ya bwana mmoja wa mbali, bwana wa kutuma amri kwa barua na kudai mavuno bila kushika jembe. Mkulima akachoka, akamtimua. Siku hiyo hiyo akachonga kibao, akakipigilia getini: HAPA KILA MTU NI BWANA WA NYUMBA YAKE. Baba yake alipokuwa anakata roho akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, lima chako. Ugomvi wa nyumba za watu usiuingie." Mkulima akaapa kwa machozi.

Na kulima alilima kweli. Ila ua wake ulikuwa na miguu. Leo uko kwenye mgomba wake, wiki ijayo uko kwenye mgomba wa jirani. Jirani akihoji anajibiwa, "Wewe si ulikuwa umekaa tu, hulimi?" Majirani wale walikwenda wapi? Msiniulize mimi. Waulizeni wanaopanda maharage juu ya makaburi yao. Ua ukatembea, ukatembea, hadi ukafika ukingoni, chini ni maji matupu. Mkulima akasimama, mikono kiunoni, kama mtu ambaye ugali umemwishia na mboga bado ipo.

Ghala limejaa, fukusi wanafanya harusi kwenye mahindi. Atauza wapi? Akaanza kutazama ng'ambo. Akaomba huku kona ya kufungia punda, akaomba kule kisima cha kuwanyweshea. Nani atamnyima punda maji? Lakini penye punda pakawekwa mlinzi, penye mlinzi pakajengwa kibanda, na mwenye kiwanja akajikuta anapiga hodi kwake mwenyewe.

Sasa huko ng'ambo kulikuwa na mama mjane, kichwa cheupe. Mumewe alipokufa, shemeji yake alikuja kwenye matanga na hakuondoka tena. Akajifanya mrithi, akatwaa nyumba na shamba, akatundika mjeledi kwenye msumari sebuleni. Miaka mingi mama yule alilala jikoni. Mwanawe alipokuwa mtu mzima akasema yatosha. Akapigana na baba yake mdogo shambani, akapigana naye uani, akamrudisha nyuma hadi akajifungia ndani. Akaizingira nyumba.

Siku ya tatu mkulima akatokea, na punda zake, na vibarua wenye mapanga.

"Shikamoo, mama. Kilio chako nimekisikia toka kwangu kule. Nimekuja kukukomboa."

"Marahaba, baba, karibu. Lakini huyo amekwisha. Hana maji, hana unga. Leo au kesho atatoka mwenyewe."

Mkulima akamtazama yule mwana, shati vipande vipande, mguu unavuja damu. "Kijana, umefanya kazi nzuri. Sasa kaa nje. Huko ndani utaumia."

"Nitaumia mara ngapi, mzee? Ndani kwetu huko!"

"Nimesema kaa nje."

Vibarua wakajipanga mstari kati ya mwana na mlango wa baba yake. Mkulima akazunguka hadi dirisha la nyuma. Shemeji akachungulia, midomo imepasuka kwa kiu.

"Mwenzangu," akanong'ona, "nimeshindwa. Lakini nitoke hapa nimepigwa na kile kitoto? Sokoni nitapitaje? Afadhali nipigwe na wewe, mwanamume mwenye punda arobaini."

"Nikupige wapi?"

"Popote, ila taratibu. Nina jino bovu huku kushoto."

Ndugu zangu, mimi kabla ya kuvaa kola hii nilicheza maigizo, ngumi ya uongo naijua. Unapiga kiganja chako mwenyewe, mwenzako anaruka na kulia. Mkulima akaingia kwa dirisha, na hawa wawili walifaa jukwaani! Sufuria likagongwa ukutani, mtungi ukavunjwa, mmoja analia "Nakufa!" huku anachomekea shati. Nje mama kashika kichwa, anamwombea mkombozi wake. Kisha shemeji akatoka, kajipaka majivu, akaenda zake, heshima yake kibindoni. Mwana akakimbilia mlango. Akasikia komeo linashuka kwa ndani.

"Ahsante, baba," mama akasema kwenye ufa wa mlango. "Fungua basi tuingie."

"Subirini kwanza."

"Tusubiri nini?"

"Mkue."

Mama yule alikuwa na wajukuu.

Zikapita siku. Mke wa mkulima akavuka maji na chakula, akakuta mume wake kakalia kiti cha marehemu. Akamwambia, "Baba watoto, hivi si wewe uliyemtimua bwana? Kibao chetu si kinasema kila mtu ni bwana wa nyumba yake?"

"Kinasema. Ila kiko getini kwetu, huku hakijafika."

"Na baba yako je?"

"Mke wangu, nimepiga magoti, nimemwuliza Mungu. Ameniambia watu hawa nisiwaache, hawajui hata kufagia."

"Na alisema kwa sauti ya nani?"

Mkulima akasifia mchuzi.

Wiki ya pili mwana akaja na shoka, akauvunja mlango. Vibarua walimpokea kwanza kwa ule mjeledi, maana ulikuwa bado kwenye msumari wake. Alipoendelea kuingia, wakamaliza kwa mapanga. Akafa kizingitini, kichwa ndani, miguu nje. Sasa hapa msicheke. Mkulima alilia machozi ya kweli. Alitoa mbao nzuri za jeneza, akasimama makaburini akahutubia juu ya ukaidi wa vijana wa siku hizi. Jioni akampelekea mama sahani ya wali kwenye jiko la uani alikorudi kulala, ikiwa na nyama.

"Mama," akasema kwa uchungu, "kwa yote niliyokufanyia, hata ahsante huna?"

Mama akaitazama sahani. "Shemeji alinipiga miaka mingi, baba. Lakini hakuwahi kudai nimshukuru."

Mkulima huyo ni Marekani. Ilimwasi mfalme wa Uingereza, ikatandaza ua wake juu ya nchi za wenyeji hadi bahari ya pili. Mwaka 1898 ikampiga Mhispania kwa jina la kuwakomboa Wakuba, na vita vilipokwisha ikawa imeshika Puerto Riko, Guam na Ufilipino. Na ile ngumi ya uongo sikuitoa kichwani: pale Manila, Mhispania na Mmarekani walipatana vita vya kuigiza, na Wafilipino waliokuwa wameuzingira mji wakazuiwa kuingia. Walipodai nyumba yao wakafa, maelfu kwa maelfu.

Naona mnatikisa vichwa. Marekani ni mbali, kuilaani hakuchoshi. Lakini yule mkulima alijiamini kuwa mwema, na mtu anayejiamini hivyo nani atamtoa? Sisi je? Nani hapa alimchukua yatima wa kaka yake "amsaidie kidogo," na shamba la yatima leo linalimwa na nani? Nani alikwenda kuamua ugomvi wa wanandoa, akarudi ndiye anayepanga wale nini? Hatujawahi kuingia nyumba ya mtu tukisema tumekuja kuiba. Huwa tunaingia tukisema pole.

Msitazamane, nitazameni mimi. Miaka sita iliyopita mligombana na mchungaji wenu, mkaniita nije niwapatanishe. Mlisema wiki mbili; yeye akaondoka, mimi nikabaki. Mwinjilisti Mbwambo, mtoto wa usharika huu, kamaliza chuo cha theolojia mwaka wa nne sasa, na kila mkiniuliza lini atakabidhiwa, nawajibu hajaiva. Mwinjilisti, funguo za kanisa ziko mfuko wangu wa kulia. Njoo uzitoe wewe mwenyewe, maana mkono wangu nimeuamuru tangu wimbo wa kwanza, na hautaki kutoka.