Nungunungu na Mbeleko ya Kifuani

Paukwa!
Pakawa!
Aliye mbali asogee.
Tumesogea!
Mwenye neno alimeze kwanza.
Tumelimeza, tuambie!

Hapo kale, zamani sana, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupika vyunguni, aliishi Nungunungu na mkewe, Bi Nungu. Walikuwa na mtoto mchanga, miiba yake bado laini kama manyasi.

Siku moja Bi Nungu alitoka kuchimba mizizi, akatumbukia shimoni, akavunjika mguu. Nungunungu akamtoa, akamfunga mguu, akamlaza. Mtoto akaanza kulia. Nungunungu akatazama mtungi, mtupu. Akatazama jikoni, majivu matupu.

"Muite dada yangu aje atusaidie," mkewe akasema.

"Dada yako ana wa kwake wanaomlilia. Mimi sina mikono?"

Akachukua mbeleko. Lakini mgongo wote miiba, mtoto atambebaje? Akawaza, akawazua, akamfunga kifuani. Akajitwika mtungi, huyoo, mtoni.

Njiani akakutana na Nyani. Nyani akacheka hata akaanguka. "Jamani, njooni mwone! Dume zima limebeba mtoto!" Nungunungu akapita.

Mbele akakutana na Ngiri. "Kaka, mkeo amekulisha nini? Dume zima limebeba mtoto!" Nungunungu akapita.

Mtoni akamkuta Nyati, mkubwa wao. Nyati hakucheka. Alikasirika. "Unatuaibisha! Wake zetu wakikuona, kesho watatutuma na sisi. Dume zima limebeba mtoto!"

Nungunungu alisikia uchungu, miiba ikamsimama. Angemjibu, lakini mtoto alikuwa amelala kifuani, akaogopa kumwamsha. Akainama, akateka maji, akaenda zake.

Uji wake wa kwanza uliungua. Wa pili ukawa madonge matupu. Wa tatu, mtoto akalamba hata upawa. Pole pole Nungunungu akakijua kilio cha njaa, akakijua cha usingizi, akakijua cha tumbo.

Bi Nungu alipopona akasema, "Mume wangu, umeteseka vya kutosha. Nipe mtungi wangu."

"Nani kakwambia nimeteseka? Leo teka wewe, mimi nipike. Kesho tubadilishane."

Bi Nungu akajitwika mtungi. Kisha akaenda mtoni akiimba.

Masika yakaingia. Wake wote wa kijiji wakavuka mto kwenda kuchukua chumvi ng'ambo. Nyuma yao mvua ikanyesha, mto ukafurika, wakakwama huko huko. Watoto wakabaki na baba zao. Ah, kilio kilichozuka siku hiyo!

Nyani akaja mbio. "Mtoto analia, kila ndizi nikimpa anaitupa!"

Nungunungu akatega sikio. "Hana njaa huyo. Tumbo limemjaa. Mlaze mapajani, umsugue mgongo taratibu." Mtoto akanyamaza.

Ngiri naye akaja. "Wangu anawaka moto!"

"Chovya majani majini, umpanguse mwili, umpe maji kidogo kidogo." Homa ikashuka.

Mwisho akaja Nyati, kichwa chini. "Ndama wangu Kidoto kajificha kichakani. Hajanywa maji tangu jana. Nikimwita, ndiyo kwanza anazidi kuingia ndani. Ananiogopa mimi, babake!"

Maneno makali yakamjia Nungunungu mdomoni. Akamtazama Nyati machoni, akayameza.

"Kamwite wewe, ndugu yangu," Nyati akasihi. "Kwako atakuja."

"Akija kwangu, kesho atakukimbia tena. Umewahi kumwita bila kufoka?"

Nyati akatikisa kichwa.

"Basi lala chini, pembe zisimtishe. Mwite pole pole. Usichoke."

Wakaenda mpaka kichakani, Nyati akapiga magoti, akalala topeni mbele ya madume wenzake wote. "Kidoto," akaita. Kimya. "Kidoto, mwanangu." Kimya. Jua likapanda, likaanza kushuka, sauti imemkauka, bado anaita. "Kidoto, njoo kwa baba."

Majani yakatikisika. Ikatoka pua, likatoka sikio, akatoka ndama mzima. Akanywa maji aliyowekewa katika kata, kisha akajilaza shingoni pa baba yake. Nyati hakuthubutu hata kupumua kwa nguvu. Machozi yakamdondoka, wala hakuyaficha.

Maji yalipopungua, wake wakavuka wakilia, kila mmoja akidhani atamkuta mwanawe amekufa. Wakawakuta watoto wameshiba, wameoga.

Bi Nyati akaita, "Kidoto, njoo kwa mama!" Ndama akamkimbilia, akanyonya mpaka akatosheka. Halafu akageuka, akarudi kulala ubavuni mwa baba yake.

Tangu hapo njia ya mtoni ikajaa madume wenye mitungi na watoto, na hapakuwa na wa kumcheka mwenzake.

Hadithi hii inatufundisha kwamba kulea si kazi ya mama peke yake, na mwanamume hapungui kitu kwa kumbeba mwanawe. Anayepungukiwa ni yule ambaye mtoto wake hamjui.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda ajitwike, aende nayo kwao.