Kilemba Kilichoanzia Kiunoni

Sogeeni karibu, na aliyefunga kanga kwa haraka aikaze, maana nasimulia habari za wakati ambao fundo likifunguka, mtu alipoteza kwao.

Zamani hizo kijiji cha Kwemasha kilikuwa na neno moja tu kwa mtu asiye na nguo: uchi. Wala hawakulinong'ona. Mpiga mbiu alipuliza baragumu, akalitangaza pamoja na jina lako, na kabla jua halijazama ulikuwa umevuka bonde na chungu chako kichwani, usirudi tena. Hakuna aliyeuliza kama nguo imeliwa na mbuzi.

Semboja, mchonga ngoma, mtu mwenye tumbo la heshima, alishuka mtoni kuoga siku ya kumwoza binti yake wa pekee. Akatundika shuka lake kichakani, akaingia majini, akawa anajizoeza namna ya kuwasalimu wakwe. Ndipo wakwe wenyewe walipotokea kwenye daraja la gogo, wanaimba, mama wa bwana harusi akiwa mbele. Gogo lina utelezi. Mama yule akaenda majini na wimbo mdomoni.

Wenzake walipiga kelele. Semboja alipiga mbizi. Mto ulikuwa umejaa, ukawaburura wote wawili hadi kivukoni, pale pale kijiji kizima kilipokuwa kinasubiri harusi. Semboja akapanda ukingoni, mkwe mgongoni kama gunia la muhogo, naye mwilini hana hata uzi. Shuka lake liko kichakani, linapunga upepo.

Binti akaziba uso kwa viganja. Kibwiko, mpiga mbiu, akainua baragumu.

"Kibwiko, ngoja," Semboja akasema, akimtua mkwe, mikono miwili ikihangaika kusitiri panapohitaji minne. "Niache nimwoze mwanangu kwanza, halafu nitahama."

"Sheria haijui harusi, kaka."

Hapo Bibi Mamkunda, mkunga wa kijiji, akajipenyeza mbele na fimbo yake.

"Shusha hilo baragumu, mjukuu wangu! Unatangaza nini? Huyu nilimpokea kwa mikono hii, na hivi ndivyo alivyokuja: kalowa, anatetemeka, hana kitu. Mtu yuko kama alivyozaliwa, basi. Isipokuwa tumbo, hilo kalitafuta mwenyewe. Na wewe pia nilikupokea, Kibwiko. Niwaeleze watu ulivyokuja?"

"Hapana, bibi." Baragumu likashuka.

Mkwe, aliyekuwa bado anatema maji, akacheka mpaka akapaliwa. Akageuka, akafungua shuka lake la juu, akalirusha nyuma bila kutazama.

"Jifunge, mkwe wangu. Aliyenitoa mtoni simvushi bonde."

Kijiji kizima kikageuza mgongo. Kibwiko aligeuka wa mwisho, lakini aligeuka. Na Semboja akamwoza binti yake akiwa amejifunga shuka bichi la mkwe, linachuruzika maji mpaka wali ulipoliwa.

Na tangu siku hiyo, anayekutwa bila nguo husemwa yuko kama alivyozaliwa, na mwenye adabu humpa mgongo, akamrushia nguo, maswali yakaja baadaye. Tangu siku hiyo pia upande wa mume humpelekea baba wa binti nguo, ndiyo hiyo tunayoiita kilemba. Siku hizi hufungwa kichwani. Lakini mtazameni vizuri baba akikipokea: kabla hajakipandisha juu, mkono mmoja hushuka kwanza kiunoni, kuhakikisha.