Farasi Ishirini na Watano Wabaki Nyumbani

Sogeeni, mlio nyuma! Na wewe mwenye karanga, ama ugawe ama utafune kimya kimya. Leo sileti jibu. Leo naleta kesi, na mahakimu ni nyinyi.

Katika mji wa Kwemhangala waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Fundi Hoza alikuwa na mikono. Pikipiki ikikohoa mtaa wa pili, yeye aliweka chapati chini na kusema, "Hiyo plagi." Na kweli ilikuwa plagi.

Bi Zawia, karani mstaafu wa mahakama, alikuwa na macho. Alisoma hata maandishi ya kwenye kiberiti, kisha akayasoma tena kuhakikisha hayajabadilika.

Mama Kidawa alikuwa na ulimi usioujua uongo. Siku ya harusi ya mwanawe alimwambia bibi harusi mbele ya wageni wote, "Mwanangu anakoroma. Na yule kuku wa jirani aliyepotea, alimla huyu huyu." Watu wakaganda na pilau mdomoni.

Bibi harusi huyo aliitwa Mwajabu, na kazi yake ilikuwa ukunga.

Sasa, zahanati ilitafuta mkunga wa vijiji vya mlimani, ambako wajawazito walikuwa wakiteremshwa kwa machela. Mwajabu alichaguliwa, kwa sharti moja: kufikia Ijumaa awe na pikipiki halali. La sivyo nafasi inafutwa, na mlima ubaki na machela yake.

Pikipiki alikuwa nayo. Mjomba wake, mshindani wa mbio, alimwachia baada ya magoti kumstaafisha. Lakini ilikuwa na nguvu za farasi arobaini, na leseni ya Mwajabu, ile ya wanaoanza, iliruhusu farasi kumi na watano tu.

"Hao ishirini na watano niwapeleke wapi?" Mwajabu aliuliza.

"Dada, tutawafungia nyumbani," akasema Fundi Hoza. "Naweka pete ya chuma kwenye koo la injini, ivute hewa kidogo. Ikinyimwa pumzi, itakuwa na adabu."

Akaweka pete. Ila miaka ishirini na mbili kazi ya Hoza ilikuwa kuongeza mbio. Hakuwahi kuombwa kuzipunguza. Basi alipokuwa akifunga, mkono ukasugua bomba kidogo. Ukarekebisha kabureta kidogo. Ukakaza mnyororo kidogo. Wakaijaribu kwenye mashine ya kupimia: farasi arobaini na watatu!

"Hoza! Wamezaana?"

"Samahani, dada. Mikono hii haina gia ya kurudi nyuma."

Ikabidi Mwajabu alikalie sanduku la vifaa, amkabidhi fundi spana moja moja, na kila mkono unapotaka kusugua kitu, aupige kofi. Jioni ya Alhamisi mashine ikasoma kumi na tano kamili. Hoza akaisikiliza ile injini ikinung'unika, akafuta chozi kama mtu aliyemnyoa simba.

Ijumaa Mwajabu na Hoza wakaenda kwa mkaguzi, Bi Zawia na Mama Kidawa wakiwasindikiza. Mkaguzi akachungulia, akatikisa kichwa. "Pete imefungwa kwa skrubu. Skrubu inatoka kwa bisibisi. Haipiti."

Hapo Bi Zawia akavaa miwani yake, na juu ya ile miwani akavaa nyingine.

"Bwana Mkaguzi, shikamoo sikudai, lakini ukurasa wa thelathini na moja wa kanuni zako nakudai. Kifungu cha tisa, maandishi ya chini, yale ambayo panya wamekula pembeni: skrubu inakubalika ikivunjwa kichwa isifunguke, na kupigwa lakiri."

Mkaguzi akasoma. Akasoma tena. "Mimi nina miaka sita hapa, sijawahi kufika chini hivi."

"Pole, mwanangu. Watu wengi huishia kwenye picha."

Hoza akavunja kichwa cha skrubu, lakiri ikapigwa. Mkaguzi akashika muhuri, akauinua, kisha akausimamisha hewani.

"Nawajua nyinyi. Mkifika kona ya pili mnaing'oa pete na lakiri yake. Sheria inaniruhusu kudai mdhamini ambaye mji mzima unamwamini. Mnaye?"

Mama Kidawa akasimama. "Ni mimi hapa. Huyu ni mkwe wangu na nampenda, ingawa mchuzi wake una maji. Akiing'oa, nitakuja kumchongea kabla injini haijapoa."

Mkaguzi alikuwepo siku ya ile harusi. Aligonga muhuri mara mbili.

Wiki iliyofuata Mwajabu akapanda mlimani. Aliendesha taratibu hata mbuzi mmoja akamsindikiza, lakini alifika. Alimkuta mjamzito mmoja, Sikudhani, peke yake, uchungu umekolea, mtoto ametanguliza miguu. Machela isingewahi. Mama akapona, mtoto wa kike akapona.

Huko mlimani wana desturi yao: mtoto aliyezaliwa kwa taabu hupewa jina la yule aliyemfikisha mkunga kwa mama, au mama kwa mkunga. Zamani lilikuwa la kiongozi wa wabeba machela.

"Basi aliyekufikisha ni nani?" Sikudhani akauliza.

Mwajabu akawaita wote watatu wapande mlimani.

"Bila pete yangu, ungefika na farasi arobaini, tena gerezani," akasema Hoza.

"Hoza ni jina la kiume!" Bi Zawia akamkatiza.

"Na pikipiki ni ya kike? Mbona imefika?"

"Bila kifungu changu, pete yako ingekuwa bangili tu."

"Na bila neno langu," akasema Mama Kidawa, "bangili na kifungu vingekuwa bado vimekaa kwenye benchi vikisubiri muhuri. Nawaambia ukweli: wote mmefanya kazi nzuri. Na mtoto anafanana na mimi."

"Nimpe yote matatu?" Mwajabu akadokeza.

"Desturi ni jina moja," Sikudhani akasema. "Na nikimwita kwa matatu, uji utapoa kabla hajaitika."

Kesho asubuhi mtoto anatolewa nje, na jina lazima litamkwe. Haya, waheshimiwa mahakimu, nawe mwenye karanga pia: ungekuwa Sikudhani, ungemwita nani?