Kivuli cha Bi Mize

Hapo zamani, zamani zenyewe za kabla bibi yangu hajaota jino, wanyama walikuwa na nyumba, mashamba na majirani wenye maneno, kama sisi tu. Msiniulize mwaka gani. Na wewe unayejikuna goti, jikune kimyakimya, nasimulia.

Nyati, jina lake Bwana Makame, alikuwa na shamba kubwa la minazi. Malisho yake yalikuwa pembeni, uwanja mpana uliopigwa na jua kutwa. Lakini chini ya minazi hakutaka kuona hata unyasi mmoja. Ukichomoza tu, anang'oa, ng'wafu! Alikuwa akisema kwamba kwenye kivuli hakuoti kitu cha maana.

Jirani yake alikuwa Digidigi, Bi Mize, mwenye kimo cha kuku aliyenyoosha shingo. Huyo alikuwa na ugonjwa mmoja: kuuliza kwa nini. Siku moja alikwenda kuchota maji kwenye mtungi nyuma ya nyumba, akaona ukoka umeota pale ambapo jua halifiki sawasawa. Majani yake yalikuwa mapana na mabichi kuliko ya ukoka ulio juani. Akaonja, kwachu. Ulikuwa mtamu. Sasa kwa nini huu umenenepa, na wa juani umekonda?

Mwingine angekula akaenda zake. Bi Mize alichimba vipande vitatu akavihamisha. Cha kwanza akakipanda chini ya mfenesi, kwenye giza kabisa, kikafa. Cha pili akakipanda juani, kikadhoofika. Cha tatu akakipanda chini ya mnazi wake mmoja wa nyuma ya jiko, ambapo jua hupenya vipande vipande kati ya makuti. Hicho kilitambaa mpaka mlangoni. Bi Mize alifurahi, akacheka peke yake.

Msidhani ulikuwa mchezo. Bi Mize alikuwa na mtoto mchanga, Kijoli. Kiangazi kilichopita nyasi zote zilikauka, maziwa yakamkauka na yeye, na mtoto aliyemtangulia Kijoli, ambaye sasa anajitegemea, nusura afe. Aliogopa kiangazi kuliko alivyomwogopa chui.

Basi akaenda kwa Bwana Makame, akamchukua na Kobe awe shahidi. Akapiga hodi, akapiga magoti.

"Shikamoo Bwana Makame. Nina ombi. Minazi ni yako, nazi ni zako, makuti ni yako na jua lote ni lako. Mimi nipe kivuli tu, na kitakachoota ndani yake."

Bwana Makame alicheka mpaka pua ikatoa maji. Alimwambia achukue, na akipenda akifunge kamba aende nacho nyumbani. Kisha akatamka mbele ya Kobe: kilichomo kivulini ni cha Bi Mize, kilichomo juani ni chake yeye. Akaapa kwa pembe zake mbili, na kiapo hicho nyati hakivunji.

Mvua za masika zilipoanza, Bi Mize akapanda ukoka wake mstari kwa mstari, akiacha nafasi kuzunguka kila shina. Aliufyeka kila ulipokua, nazi zikianguka zionekane. Bwana Makame alikuwa akipita, anatikisa kichwa na kumwonea huruma.

Kikaja kiangazi. Uwanja wa Bwana Makame ukawa wa kahawia, halafu ukawa vumbi. Chini ya minazi kulikuwa kijani tupu. Bi Mize anakula, Kijoli ananyonya na kurukaruka.

Bwana Makame alisimama akatazama siku tatu. Ya nne alikuja na hoja.

"Bi Mize, angalia hapa chini. Hivi vipande vya mwanga si jua? Na jua si langu? Basi ukoka ulio kwenye mwanga ni wangu."

Bi Mize akapiga hesabu. Tumbo la nyati halina mpaka. Akianza kwenye mwanga, kufika jioni shamba lote limekwisha, na Kijoli atanyonya nini? Akainama kukitazama kile kipande cha mwanga. Akakitazama sana, upande huu na upande ule, kama alivyoutazama ukoka wa kando ya mtungi. Kisha akatabasamu.

"Ni kweli, jua ni lako. Kula. Ila usiguse wa kivulini, Kobe anaona."

Bwana Makame akateremsha kichwa chake kikubwa, mdomo wazi. Kipande cha mwanga kikatoweka. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kimekifunika.

"Hapo sasa ni kivulini," akasema Kobe polepole.

Nyati akanyanyua kichwa, mwanga ukarudi. Akainama, ukatoweka. Akajaribu kwa kushoto, akajaribu kwa kulia. Akatoa ulimi peke yake, kumbe hata ulimi una kivuli. Mpaka adhuhuri alikuwa akizunguka minazi, puu, puu, na hajameza jani. Mwisho akakaa chini na kukiri kwamba ameshindwa, tena ana njaa.

Bi Mize alimwonea huruma, lakini huruma yenye akili. Alikuwa ameshajiuliza kwa nini ukoka ulio karibu na njia ya nyati umestawi zaidi. Akamwambia atamkatia mzigo mmoja kila asubuhi, kwa sharti moja: aulie hapo hapo chini ya minazi, na kile kitakachodondoka nyuma yake kibaki shambani.

Mnacheka nini? Mbolea ni mbolea. Tangu siku hiyo bwana mwenye shamba akawa anapata chakula chake kwa mavi yake, na nazi zake zikazidi.

Nami naishia hapo, nendeni mkalale mkiwa na hili: usimpe mwenzako kitu huku unakicheka, kabla hujainama ukakitazama.